Sauti ya simu imefifia, cherehani inaizidi. Nifanyeje?

UziMweupe

Wakuu habari za kazi.

Mimi nashona nguo. Mikono na macho viko kazini mchana kutwa, masikio ndiyo yamebaki na nafasi, kwa hiyo nasikiliza masomo ya uhasibu ambayo mwenzangu ananirekodia darasani. Yakiisha naweka hadithi za kusomwa. Shida ni sauti ya simu. Nimebonyeza kitufe hadi mstari umejaa, lakini nikikanyaga pedali tu, mwalimu anapotea. Muziki angalau nausikia, masomo ndiyo hayaeleweki kabisa.

Simu ni Android, si mpya sana. Ina spika chini karibu na tundu la chaji, na ile ya sikioni nayo husaidia kutoa sauti. Zamani ilikuwa inasikika chumba kizima. Ikaanza kupungua polepole, halafu baada ya kubadilishiwa kioo ikawa nyembamba zaidi, kama mtu anayeongelea ndani ya kopo. Aliyeibadilisha anasema spika hakuigusa.

Nimeweka programu ya kuongeza sauti, imeandikwa asilimia 200. Sauti inapanda, ndiyo, lakini inakwaruza, na kila penye "s" au "sh" nakunja uso.

Za kuvaa masikioni naomba msinishauri. Wateja wanaingia na kuniongelesha, na mashine yenyewe huwa naisikiliza: uzi ukikatika au sindano ikigonga bamba, nasikia kabla sijaona. Spika ya Bluetooth sijaikataa, ila nataka kwanza kujua kama hii niliyonayo inaweza kurudi ilivyokuwa.

Kifaru Mpole

Dada, chukua bakuli la kauri au glasi pana, tumbukiza simu upande wa spika ukiangalia chini. Sauti inapanda. Kazi imekwisha.

JiraniWaTatu

Hiyo programu yako ya zamani hiyo. Zipo zinazofika asilimia 500, tafuta tu.

Koili

Dada UziMweupe, kabla hujapakua kingine chochote, ondoa hata hiyo uliyoweka. Kazi yangu ni kufungua simu, na hili la sauti ndogo naletewa mara nyingi kuliko unavyodhani. Wenye simu huchanganya mambo mawili. Kuna sauti inayotoka kwenye spika ikapotea njiani kabla ya kufika sikioni, na kuna sauti ambayo spika haikuumbwa kuitoa. Ya kwanza inarudi. Ya pili hakuna programu itakayoileta.

Kwanza tumalizane na asilimia. Tangu Android 4.4 ya mwaka 2013, mfumo wenyewe una kipengele cha kunyanyua sauti, na nyingi ya programu hizi hazifanyi zaidi ya kukipa kipengele hicho kitufe kikubwa chenye rangi. Asilimia 200 ni kuongeza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sasa, muziki mwingi tayari umerekodiwa ukigusa dari, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho faili linaweza kubeba. Ukiunyanyua desibeli 6, vilele vya mawimbi vinakatwa bapa, na huko kukatwa ndiko kunakokwaruza. "S" na "sh" zinaumia kwa sababu mkwaruzo unaozaliwa pale unaangukia eneo lile lile la sauti kali. Asilimia 500 za mkuu hapo juu ni karibu desibeli 14. Sijui atazipitisha wapi.

Kisha kuna jambo ambalo tangazo la programu halikuambii. Simu nyingi za sasa zina chipu ya amplifaya inayopima umeme unaokwenda kwenye spika, ikikadiria koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imepata joto kiasi gani na kiwambo (utando unaotetemeka kutoa sauti) kimetembea umbali gani. Kiwambo hicho husafiri chini ya milimita moja, nafasi ni finyu. Kikikaribia mwisho, chipu inapunguza. Kwa hiyo programu inasukuma na chipu inavuta, wewe katikati unapata mkwaruzo bila nguvu. Simu isiyo na chipu hiyo haina wa kuvuta, na koili inaweza kuungua. Nimezitoa nyingi za namna hiyo, unazijua kwa harufu tu ukifungua.

Na sikio nalo lina hesabu yake. Ili usikie kwamba sauti imekuwa mara mbili, inahitaji kupanda kama desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Spika ya simu inafanya kazi na kitu cha wati moja hivi. Wati 10 ziko wapi hapo?

Ila kuna desibeli 6 za bure. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya sikio na spika, mahali pa wazi unapata desibeli 6, ndani ya chumba zinapungua kidogo. Ni kiasi kile kile ulichokuwa unakiomba kwenye programu, na hakikwaruzi. Kwa hiyo nijibu: unaposhona, simu inakaa wapi? Kama iko kwenye rafu nyuma yako, au imelazwa juu ya vitambaa, hapo pana hasara mbili. Kitambaa kinameza sauti kali kuliko nzito, na sauti kali ndizo zinazobeba "s", "t", "k", "f", yaani ndizo zinazokuwezesha kutofautisha neno na neno. Chumba cha fundi nguo kimejaa vitambaa kila upande, sishangai mwalimu anapotea.

Sasa fanya majaribio haya nyumbani, hayahitaji bisibisi.

Weka wimbo kwa sauti ya kati. Ziba kwa kidole gumba vitundu vya chini, upande wa kushoto wa tundu la chaji, halafu wa kulia. Upande mmoja utaona hakuna kinachobadilika. Huko si kwenye spika, mara nyingi ni maiki au vitundu vya urembo, na tafadhali usikuguse kwa kitu chochote chenye ncha. Watu wanakwangua upande usio na kosa na maiki inakufa, wanarudi kwangu na matatizo mawili. Upande wenye spika, ukiziba vizuri, sauti inatakiwa kuanguka sana. Kama umeziba na bado inasikika ikitokea kwenye kingo za kioo, na mfuniko wa nyuma unatetemeka mkononi, niambie. Hilo ndilo nalitaka zaidi.

Kisha nenda kwenye setingi, sehemu ya ufikivu (Accessibility), utafute mstari wa kulia na kushoto wa sauti. Uwe katikati. Mstari huo ukisogea pembeni, spika moja inanyamaza na wewe unalaumu simu.

Mwisho, vua kava na uangalie protekta ya kioo kama imefunika ule mwanya wa juu wa spika ya sikioni. Ukiwa na tochi, mulika wavu wa chini. Kazi yako ni ya nyuzi, nina hakika utakuta kitu.

Kuhusu bakuli: linafanya kazi, Mkuu Kifaru hajakosea. Spika ya chini hutupa sauti pembeni, bakuli linaikusanya na kuielekeza kwako. Ila kauri na glasi vina mvumo wao, na mvumo ukichanganyika na mtu anayeongea, maneno yanaungana. Kwa muziki wa kufurahia kazi, sawa. Kwa hesabu za mizania, utasikia mvumo mwingi na tarakimu chache.

Kifaru Mpole

Basi na mimi nimejua kwa nini hotuba nazisikia zikivuma. Nilidhani ni kumbi.

UziMweupe

Fundi Koili, asante kwa muda wako. Nimefanya yote.

Simu nilikuwa naiweka kwenye rafu ya vitambaa, nyuma ya bega la kushoto, imelala chali. Naiweka huko ili isidondoke kwa mtikisiko wa meza. Mstari wa kulia na kushoto uko katikati. Protekta imekatwa vizuri juu, haijaziba.

Tochi imeonyesha mambo. Wavu wa chini umefungwa na kitu cha kijivu, nikakijua mara moja: ni manyoya ya kitambaa yaliyoshikana na mafuta. Na kuna kipini kimejishika pale kwa ubapa, nikidhani kimekwama, kumbe kinavutwa.

Jaribio la kidole: kulia ndiko kwenye spika. Nikiziba, sauti inapungua kidogo tu. Haianguki. Na kweli naisikia kwenye ukingo wa chini wa kioo, na nyuma panatetemeka kweli kweli.

Koili

Basi tatizo tumelishika, na ni mawili.

Kipini kinavutwa kwa sababu ndani ya spika kuna sumaku kali. Ndiyo maana chembe zozote za chuma zinazoelea karibu zinakwenda kukaa kwenye wavu wa spika. Kitoe kwa vidole, usikisukume ndani.

Kusafisha: zima simu. Tafuta mswaki mpya, laini kabisa, mkavu. Shika simu vitundu vikiangalia sakafu ili kinachotoka kidondoke, usikisugue kikarudi. Pitisha nywele za mswaki kwa kulaza, taratibu, kuelekea upande mmoja. Uchafu ulioshikana na mafuta hautatoka wote kwa mswaki, kwa hiyo malizia kwa utepe wa karatasi ule wa wapaka rangi: ubandike juu ya wavu, ukandamize kwa kidole, uunyanyue, ubadilishe kipande. Rudia mpaka kipande kitoke kisafi. Sindano usiiguse, najua unazo nyingi na inakuja akilini haraka. Nyuma ya wavu kuna kiwambo chembamba sana, ukikitoboa umenunua spika. Usipulize kwa mdomo, unapeleka unyevu. Mashine ya hewa usiielekeze pale, inasukuma uchafu ndani au inachana kiwambo. Spiriti usimimine.

Hilo litarudisha sehemu ya ile sauti iliyopungua polepole. Ila hii ya baada ya kioo ni habari nyingine, na kidole chako kimeshaisema.

Spika inapofanya kazi, kiwambo kinasukuma hewa mbele na wakati huo huo kinavuta hewa nyuma. Mawimbi ya mbele na ya nyuma yanakwenda kinyume, yakikutana yanauana, hasa yale mazito. Kwa hiyo nyuma ya spika hufungwa kwenye kijumba chake, na mbele huwekwa kijisponji au mpira mwembamba unaobana kati ya mdomo wa spika na vitundu vya fremu, ili hewa yote ya mbele itoke nje na isirudi tumboni mwa simu. Kijisponji hicho kikikosekana, sauti inamwagika ndani. Inatafuta pa kutokea kwenye kingo za kioo na mfuniko, inafika nje ikiwa imechoka. Ndiyo maana ukiziba tundu haianguki: haikuwa inapita hapo.

Kimekwenda wapi? Kioo cha simu nyingi huuzwa kikiwa kimeshabandikwa kwenye fremu mpya. Anayebadilisha anahamisha betri, bodi, kamera na spika kutoka fremu ya zamani kwenda mpya. Kijisponji na ule wavu mdogo wa vumbi vimebandikwa kwenye fremu ya zamani kwa gundi, na mtu mwenye haraka havioni, fremu inatupwa navyo. Kwa hiyo aliyekwambia hakugusa spika huenda anasema anachokijua. Spika ni nzima. Kilichobaki kwenye fremu ya zamani ndicho unachokidai.

Mrudie kwa lugha nzuri. Mwambie: "Naomba ufungue uangalie sponji ya mdomo wa spika na kama sanduku la spika limekaa kwenye nafasi yake na skrubu zake zote zipo." Skrubu moja ikikosekana, sanduku linanyanyuka nusu milimita, na hiyo inatosha kuvujisha. Akikwambia ubadilishe spika, mwombe kwanza aijaribu hiyo iliyopo akiwa ameibana kwa kidole mahali pake, simu ikiwa wazi. Ikiita vizuri pale, haina ubovu.

Swali la Pembeni

Naomba kudandia. Mimi natumia iPhone, yangu haina shida ya spika, ila mlio wa kupigiwa unaanza kwa nguvu halafu nikiishika tu unashuka. Nimesafisha, nimebadilisha mlio, wapi.

Koili

Ni mbwembwe za simu yenyewe, si ugonjwa. iPhone zenye Face ID, kuanzia iPhone X ya mwaka 2017, zinaangalia kama uso wako umeelekea kwenye skrini. Ikiona unaitazama, inajua umeshasikia, inashusha mlio. Ingia kwenye setingi za Face ID, utafute kipengele cha kutambua umakini wako, ukizime. Binafsi naona ni adabu nzuri ya simu, lakini kama uko mahali pa kelele inaudhi.

Na kwa iPhone nimalizie hili: hakuna programu itakayokuongezea sauti ya simu nzima. Apple haiziruhusu programu kugusa sauti ya programu nyingine. Zinazodai hivyo zinapiga tu mafaili utakayoyafungulia ndani yake.

Mkata Sauti

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aliguse la rekodi zenyewe. Dada amesema muziki anausikia ila masomo hayaeleweki. Simu ni ile ile, spika ni ile ile. Kwa hiyo hata spika ikipona, nusu ya tatizo itabaki kwenye faili.

Mimi nahariri mahojiano na vipindi vya kusikiliza. Rekodi ya darasani huwa hivi: simu iko kwenye dawati la mwanafunzi, mwalimu yuko ubaoni, sauti yake imefika ikiwa ndogo. Halafu mwanafunzi wa jirani anakohoa, kiti kinaburutwa, na hivyo ndivyo vilele vya faili. Ukiangalia mchoro wake unaona mstari mwembamba wenye miiba michache. Mwalimu ni huo mstari. Ukinyanyua faili lote, miiba inagonga dari kwanza na mwalimu hajasogea.

Kinachotakiwa ni kuikandamiza miiba, kisha kunyanyua kilichobaki. Kama mna kompyuta, Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure na inatosha. Kwanza kata sauti nzito za chini ya hezi 150 hivi. Humo hamna maneno, mna feni na mtikisiko wa dawati, na spika ya simu haiwezi kuzitoa hata zikiachwa. Zinabaki zikikichosha kiwambo bure. Kisha pitisha kompresa, ndiyo inayokandamiza miiba. Kisha ikwalaiza, yaani vijiti vya kupandisha au kushusha sauti nzito na kali kila moja peke yake: nyanyua desibeli 3 au 4 kati ya kilohezi 2 na 4. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi eneo hilo na konsonanti nyingi ziko hapo au jirani. Mwisho sawazisha kiwango cha ukubwa wa sauti. Angalia hapa: Audacity kwa kawaida inakuletea -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya faili zima), ambacho ni kiwango cha watangazaji wa Ulaya. Kwa spika ya simu ni kidogo mno. Andika -16.

Ukinyanyua, kelele ya chini nayo inapanda, utasikia mchakacho wa "shhh". Usihangaike nao sana. Cherehani itaufunika.

Ila dawa kubwa kuliko zote hizo ni mwenzio kukaa dawati la mbele, au kumwomba mwalimu simu iwekwe kwenye meza yake. Umbali ule ule aliousema fundi Koili unafanya kazi hata upande wa kurekodi.

UziMweupe

Kompyuta sina. Kuna namna ya kufanya hivi kwenye simu?

Mkata Sauti

Ipo, si safi kama ile lakini itakusogeza. Tumia programu ya VLC kuchezea masomo. Ndani yake kuna ikwalaiza, na kuna ruhusa ya kuvuka asilimia 100 hadi 200. Kwa muziki ningekuambia usiiguse, kwa sababu ile ile aliyoieleza fundi. Kwa rekodi iliyo ndogo ni tofauti: faili lina nafasi kubwa tupu juu, unanyanyua na hakuna kinachokatwa isipokuwa vikohozi. Kwenye ikwalaiza shusha vijiti vya kushoto kabisa, vile vya sauti nzito, hadi chini. Nyanyua kidogo kilicho karibu na kilohezi 3. Vya kulia kabisa viache.

Watu wengi wanafanya kinyume. Wanaona neno besi, wanapandisha besi kwenye spika yenye upana wa ukucha, halafu wanashangaa sauti imekuwa ndogo.

JiraniWaTatu

Na YouTube? Kuna video moja iko juu, inayofuata huisikii.

Mkata Sauti

YouTube inazishusha zilizo juu ya kiwango chake, lakini zilizo chini kwa kawaida haizipandishi. Ukifungua video kwenye kompyuta, bofya kulia uchague takwimu za kiufundi za video (Stats for nerds), utaona mstari wa sauti wenye namba ya desibeli mwishoni. Ikiwa ni hasi, tuseme -9, video hiyo ilipakiwa ikiwa ndogo kwa desibeli 9 kuliko kiwango, na simu yako haina kosa. Tangu 2023 kuna kitufe cha kutuliza sauti (Stable volume) ndani ya setingi za video, kinapunguza tofauti kati ya penye kelele na penye kimya. Kiwashe kwa mazungumzo, kizime kwa muziki.

UziMweupe

Wakuu, narudi na majibu.

Nimesafisha kwa mswaki na utepe. Vipande vya kwanza vya utepe vilitoka na alama ya vitundu vyote kwa rangi ya kijivu, mstari wa vidoti, vingine vina nyuzi nyekundu za sare nilizoshona. Baada ya hapo sauti ilipanda, si haba, lakini bado nyembamba.

Nikamrudia yule wa kioo, nikamsomea maneno ya fundi Koili kama yalivyo. Alikunja uso mwanzoni, akafungua. Mdomo wa spika ulikuwa mtupu, hamna sponji, na skrubu moja ya upande wa nje haikuwepo. Akatafuta sponji kwenye simu mbovu aliyokuwa nayo, akaipunguza kwa wembe, akabandika, akaweka skrubu. Kabla ya kufunga alinionyesha: wimbo unapiga, anabana sanduku kwa kidole, sauti inajaa; anaachia, inakonda. Mbele ya macho yangu. Hakunitoza kitu.

Sasa nikiziba tundu kwa kidole, inaanguka kabisa kama mlivyosema.

Simu nimeihamishia ukutani mbele yangu, usawa wa uso, kwenye kifuko chenye mdomo wazi chini ili vitundu visizibwe. Haiko tena mezani, kwa hiyo haitetemeki. Kwenye VLC nimefanya kama alivyosema Mkata Sauti na masomo nayasikia mashine ikiwa kwenye mwendo wa kawaida. Nikikanyaga mwendo wa mwisho kwa mishono mirefu bado anapotea, ila mishono mirefu haichukui muda.

Limebaki moja. Kengele ya kuniamsha bado ni ndogo ingawa muziki sasa unasikika hadi nje. Spika si ni hiyo hiyo?

Koili

Huyo aliyekuonyesha kwa kidole kabla ya kufunga ni fundi, mrudie tena siku nyingine.

Kengele: spika ni hiyo hiyo, mstari ni tofauti. Android ina mstari wa muziki, wa mlio wa kupigiwa, wa maongezi na wa kengele, kila mmoja na kipimo chake. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, vitufe vya pembeni kwa kawaida hupandisha muziki, mistari mingine haiguswi. Kwa hiyo wewe umekuwa ukibonyeza hadi mwisho na kengele iko pale pale ulipoiacha. Bonyeza kitufe mara moja, kitokee kile kimstari kwenye skrini, gusa alama iliyo chini au juu yake, mistari yote itafunguka. Vuta wa kengele hadi juu. Kwa wenye iPhone, kwa kawaida kengele hufuata mstari wa mlio wa kupigiwa, hauko peke yake.

Halafu angalia mlio wenyewe uliouchagua. Kama ni ule wa gitaa laini na mawimbi ya bahari, badilisha. Chukua wenye kengele kavu au filimbi, kitu kilicho kwenye kilohezi 2 au 3. Kwa kipimo kile kile utauona uko juu zaidi.

Na usilaze simu kifudifudi juu ya godoro usiku, vitundu vikabanwa na shuka.

UziMweupe

Mstari wa kengele ulikuwa chini ya nusu. Na mlio ndio huo huo wa mawimbi ya bahari, umejuaje?